Kikasha cha Mawe Mawili

Ifakara,
9 Juni 2024

Wifi yangu Levina,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu umfikishie Mama. Mimi ni Sada, mke wa mdogo wako Remigius. Hujawahi kuniona wala kuisikia sauti yangu. Aliyekuletea bahasha hii ni Mashimba, dereva wa lori la mpunga. Akishuka Ifakara hulala kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi ya mapokezi. Nimejaribu kukupigia, hupatikani. Ndiye aliyeniambia kwamba huko simu ni mpaka mtu apande kilima.

Ya nyuma tuyaache kwanza. Nina ombi, na najua utaliona la ajabu.

Mwezi wa nne, mvua zilipokata barabara, alikwama hapa kwetu mama mmoja wa Arusha anayefundisha vijana kupanda milima. Kukaa bure kulimchosha, akanifundisha mchezo. Wenyewe wanauita geocaching. Mtu anaficha kikasha mahali, porini au mjini, kisha anaziweka namba za mahali hapo, latitudo na longitudo, kwenye programu ya simu ambayo watu wa dunia nzima wanaiona. Mwingine anazifuata namba mpaka akaribie, halafu anatumia macho yake. Ukikipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo na kukirudisha vilevile. Ukichukua kitu, unaacha kitu. Nilimwuliza, "Sasa faida yake nini?" Akasema, "Utaniambia wewe, ukishapata cha kwanza."

Cha kwanza nilikipata Kivukoni, pale kivuko cha zamani kilipokuwa kinashushia watu. Nilizunguka kwenye mizizi ya mti kama kuku anayetafuta pa kutagia, wauza samaki wananitazama. Sharti la mchezo ni watu wasijue unatafuta nini, basi nikawaambia nimedondosha hereni. Wakaacha samaki wao wakaja kunisaidia. Mmoja akaiona kweli, hereni ya mtu mwingine kabisa, akanipa. Ikabidi niivae, nishukuru, niondoke. Nilirudi kesho yake mapema. Kilikuwa kikopo kama cha dawa, kimefungwa kwa waya ndani ya mzizi. Nilipoandika jina langu nililisoma mara mbili, na sijui kwa nini.

Sasa, bonde lote hili vikasha ni vichache mno. Lakini kwenye ramani kimoja kiko Masagati. Kilifichwa miaka mingi iliyopita na mpita njia, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba amekipata. Maelezo yake ni haya tu: "Mawe mawili yanatazamana. Tafuta upande usioona jua la asubuhi." Namba zake nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Unayajua mawe hayo? Ungeweza kwenda kuangalia?

Remigius hajui kwamba ninakuandikia. Yuko kijiji cha Mbingu, anafunga pampu za visima. Habari za kwao haongei. Nikimwuliza kukoje, anasema, "Kuna milima." Basi, inaishia hapo.

Wako,
Sada


Masagati,
22 Juni 2024

Sada,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeandika kwa mazoea, sijui wewe unaitikiaje.

Shikamoo yako Mama ameipokea. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu sikuelewa unatafuta nini. Mwaka wa nne huu umeolewa na mdogo wangu, hujakanyaga hapa hata siku moja, na leo unaulizia mawe.

Namba za namna hiyo hapa tunazijua. Mara ya mwisho zilipokuja, aliyebeba mashine ya kuzipima alikuwa mumeo. Kama hakukusimulia, mwulize. Na kama ni yeye aliyekutuma kwa kisingizio cha mchezo, mwambie mdomo anao.

Karatasi yako nimeikunja, sijamwonyesha mtu. Kijiji hiki ukikutwa na karatasi ya namba hizo, hakuna atakayekuuliza kama unacheza.

Mawe unayoyasema kila mtu anayajua. Yanaitwa hivyohivyo, Mawe Mawili. Yako juu ya mto, njia ya kwenda kwenye mizinga ya nyuki. Upande usioona jua la asubuhi kuna shimo la nungunungu, na mtu mwenye akili zake hatii mkono mle. Labda alikiweka juu zaidi, kwenye ufa. Sisemi kwamba nitaenda.

Mpunga umeiva na kazi ni nyingi.

Levina


Ifakara,
30 Juni 2024

Wifi Levina,

Milele amina. Nimemwuliza mpishi wetu Bibiana jinsi Wakatoliki wanavyoitikia. Kama si hivyo, kosa ni lake.

Barua yako imenikosesha raha. Sikutumwa na mtu. Habari ya mashine siijui, na Remigius sijamwuliza, kwa sababu kuna jambo nataka nilisikie kwako kwanza. Unasema sijakanyaga kwenu. Tulipooana, Remigius aliniambia kwamba nyumbani wamesema Mwislamu hatakaa kwenye mkeka wa mama yenu. Akasema nisimlaumu, ni mtu wa kanisa, itachukua muda. Nikakubali. Kila mwaka namwuliza, "Bado?" Anasema, "Bado." Ndiyo maana niliandika tuyaache ya nyuma. Niliona nianze na mawe, maana mawe hayana dini.

Ni kweli mlisema hivyo? Nijibu hata kama ni kweli.

Umeniuliza natafuta nini. Nilizaliwa Kidatu, kwenye nyumba za wakata miwa. Baba alitoka Kigoma kufuata kazi, Mama alitoka Lindi kumfuata dada yake. Majirani walikuwa Wanyakyusa, Wahehe, Wasukuma, na sikukuu zote tulikula. Wazee walipostaafu nyumba ikapewa watu wengine, na uwanja niliochezea sasa ni mahali pa kutengenezea matrekta. Watu wakiulizana "kwenu wapi" mimi husita kidogo kabla sijajibu. Halafu nimeolewa na mtu ambaye kwao hata mawe yana jina na kila mtu analijua, na yeye ananiambia kuna milima. Nataka kuona kukoje. Sina lingine.

Na huo ufa unaousema, upana wake mkono unaingia?

Sada


Masagati,
14 Julai 2024

Wifi Sada,

Tumsifu Yesu Kristo. Bibiana hakukosea.

Nimemsomea Mama barua yako yote. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha. Akaniuliza, "Mkeka upi?" Akaingia ndani, akatoa mikeka yote ya nyumba hii akaitandaza uani, akasema nikuandikie uchague.

Hakuna mtu aliyesema maneno hayo. Sisi Remigius alituambia mke wake ni mtu wa mjini, anaogopa porini, hataki kuja. Mama alituma mchele na jogoo wa harusi kwa lori. Kama siku ile ulikula jogoo bila kujua katoka wapi, ndiye huyo.

Sasa habari ya mashine. Kabla hamjajuana walikuja wapimaji kuweka mpaka wa msitu. Waliajiri vijana wa hapa kubeba vifaa, na Remigius alikuwa mmoja wao. Tuliambiwa wanachora ramani tu. Walipoondoka tukakuta bikoni, zile nguzo za mpaka, zimesimama upande wa huku wa mashamba ya bondeni. Shamba la jirani yetu, Mzee Hermenegildi, lilibaki lote ng'ambo, ndani ya msitu, na kipande cha Mama pia. Watu walipomwangalia Remigius, yeye aliangalia chini. Alipanda lori akaenda Ifakara. Tangu hapo amekuja mara moja, akashinda ndani, akaondoka. Basi ujue kwa nini nilikujibu vile.

Ila kikasha tumekipata.

Sikuwa nimepanga kwenda. Nilikuwa nasugua sufuria huku nikiufikiria ule ufa, kama mkono unaingia. Mama akasema, "Twende, maana hiyo sufuria imeshatakata." Sikujua kwamba na yeye alikuwa anaufikiria. Kilima kile hajakipanda siku nyingi kwa sababu ya magoti. Alikipanda.

Ufa ulikuwa mtupu, umejaa majani na buibui. Nikazunguka nyuma, nikainama, nikachomwa na upupu. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli ananitazama. Nikamwambia, "Mama, wewe ungekuwa mgeni unaogopa nyoka, ungeweka wapi?" Akasema, "Mgeni haogopi nyoka, anaogopa kuchafuka. Tafuta mahali safi." Kisha akanyoosha kidole. Juu ya bega la jiwe la pili palikuwa na jiwe bapa, laini, la mtoni. Mimi nilishalipita. Yeye akauliza, "Jiwe la mtoni limepandaje huku?"

Chini yake kulikuwa na kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, kimepauka kwa jua. Ndani mna penseli, karatasi, shanga, filimbi, kigari cha bati na sarafu ya nchi nisiyoijua. Nikaandika jina langu. Mama akasema na yeye aandikwe: Dorotea, mama wa Levina na Remigius. Akachukua filimbi, akang'oa kifungo cha gauni lake akakiacha. Ulisema jina lako ulilisoma mara mbili. Mimi langu sikulisoma, ila nilicheka peke yangu njia nzima, na mimi si mtu wa kucheka.

Tatizo ni filimbi. Mama aliijaribu palepale. Mzee Hermenegildi alikuwa kwenye mizinga yake, akasikia, akachungulia, akaniona nimeshika karatasi. Kesho yake kitongoji kizima kilikuwa kinasema nyumba ya Remigius imeanza kupima tena, na filimbi ndiyo ishara yao. Hapa tunavuna kwa kusaidiana, kundi linazunguka shamba kwa shamba. Zamu yetu ilipofika hakuja mtu. Mpunga umekauka sana, ukiugusa unapukutika, na ndege wanaumaliza. Tuko mimi na Mama tu. Mwenyekiti wa kitongoji ameitisha mkutano Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wanataka niitoe mashine. Nitatoa nini?

Levina


Ifakara,
21 Julai 2024

Wifi,

Mashimba ameshawasha lori, naandika nimesimama.

Barua yako nilimpa Remigius aisome mwenyewe. Aliposoma habari ya jogoo alicheka. Aliporudia kusoma habari ya mikeka aliinuka, akaenda kwenye bomba la uani, akalifungua, akalifunga. Nikamfuata. Nikamwambia, "Miaka yote hii nimemkasirikia mama wa watu." Akasema, "Ilikuwa rahisi kusema ni dini. Watu wakisikia dini hawaulizi zaidi."

Anasema siku ile alikuwa ameshika nguzo ya kupimia. Walipofika katikati ya shamba la Mzee Hermenegildi alielewa kinachofanyika. Mpimaji akamwambia, "Shika wima." Akashika wima.

Nimemwambia twende wote. Anasema wakimwona yeye ndiyo wataamini kabisa. Inawezekana ni kweli, inawezekana ni woga, mimi sijui na sina muda wa kungoja nijue. Alhamisi napanda basi hadi Mlimba, kisha nitatafuta pikipiki. Ramani nimeshaihifadhi kwenye simu, inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Waishike wao wenyewe, waone.

Nikikosea kitu mbele ya Mama, nikanyage mguu.

Sada


Masagati,
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Remigius,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia mimi kwa sababu mkeo yuko shambani na Mama. Ni mzima. Mundu umemchubua viganja lakini hataki kupumzika.

Alifika na vumbi la Mlimba mpaka kwenye kope. Akapiga magoti akamwamkia Mama. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, akamwuliza, "Yule jogoo alikuwa na mafuta?" Sada akasema, "Alikuwa mgumu, Mama." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Basi hapakuwa na haja ya kukanyagana miguu.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Walikuja hata wale wasiokujaga kwenye mikutano. Sada akasimama, akaamkia wakubwa wote, akaeleza mchezo tangu mwanzo, na Kivukoni, na hereni. Hakuna aliyecheka. Valentino, yule wa mashine ya kukoboa, akauliza, "Mtu mzima anacheza peke yake msituni, na akishinda anapata nini?"

Sada akasema, "Anaandika jina lake kwenye karatasi."

Valentino akasema, "Na wale wapimaji nao walituandika majina kwenye karatasi."

Niliona mkeo ameelewa, kwa sababu mchezo hakuueleza tena. Kisha akasema, "Sitawaomba mniamini. Simu hii hapa. Mimi nabaki na Mama, nyinyi nendeni. Mkikuta bikoni au mashine, simu msinirudishie, ivunjeni."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akanyoosha mkono, lakini Mzee Hermenegildi alikuwa ameshainuka. Akaichukua kama mtu anavyochukua yai. Sada akamwonyesha mshale, akamwambia afuate unakoelekea.

Nilienda nao. Mwanzoni walitembea kama wanakwenda msibani. Kila Mzee akigeuka, mshale unageuka, na yeye anasimama kuutazama. Tulipovuka mto kijana mmoja akasema, "Mzee, ni kushoto." Akamjibu, "Najua ni kushoto, Mawe Mawili nimeyajua kabla baba yako hajaoa. Nyamaza, nataka kuona kama na hiki kinajua." Baada ya hapo wakaanza kubishana: kinajuaje, nani anakiambia, mbona hakina waya. Mpaka tunafika juu hakuna aliyekuwa nyuma, wote walikuwa wamebanana begani kwake.

Simu ikasema wamefika. Mzee akaangalia huku na huku. "Kiko wapi?" Nikamwambia, "Simu inaishia hapa. Sasa ni macho." Nilijua kilipo, nikaufunga mdomo. Wakaanza kutafuta, Remigius. Watu wazima wakipanda juu ya mawe, wakipigiana kelele, Valentino akichokoa shimo la nungunungu kwa fimbo. Ni Mzee mwenyewe aliyeliona jiwe la mtoni. Alilinyanyua polepole, akatoa kibakuli, akakaa nacho mapajani.

Akatoa kigari, akazungusha magurudumu yake kwa kidole. Akatoa kifungo cha Mama. Kisha akaisoma karatasi kwa sauti: Levina, na Dorotea, mama wa Levina na Remigius. Aliposoma jina lako aliweka kidole juu yake. Halafu akaomba penseli.

Walioandika ni wengi, mpaka karatasi ikajaa pande zote mbili. Mwenyekiti aliandika jina na cheo, akasikitika kwamba hakubeba mhuri.

Tukirudi, Mzee alibaki nyuma nami. Akaniambia, "Mwandikie mdogo wako. Mimi sikumkasirikia kwa kubeba vyuma vya watu. Kijana akipewa kazi anafanya. Shamba wamelichukua wao, si yeye. Lakini siku ile alipita mbele ya mlango wangu, nimekaa, ananiona, hakuniamkia. Mtoto niliyekuwa nampa asali kila akipita. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni jambo baya, na kwamba na yeye anajua. Angeniamkia ningemwuliza, na angeniambia, na ningewahi kusema. Mwambie hivyo."

Nimekuandikia kama alivyosema.

Kesho yake baada ya misa alikuja na mundu wake. Baadaye akaja Valentino. Wengine hawajaja na sijui kama watakuja. Mpunga tuliopoteza umepotea, uliobaki tutaumaliza wiki hii. Mkeo anasema amewaomba ruhusa kazini na hatoki hapa mpaka shamba liwe jeupe.

Dada yako,
Levina


Ifakara,
13 Agosti 2024

Mzee Hermenegildi,

Shikamoo.

Ni mimi Remigius wa Dorotea. Dada ameniandikia uliyomtuma. Ni kweli nilipita na ni kweli nilikuona. Nilijifanya nakaza mkanda wa vifaa. Nilikuwa naogopa utaniuliza tunakwenda wapi. Salamu ya siku ile naileta kwa barua hii, naomba uipokee, na unisamehe.

Kazi za visima zimenibana, nikipata nafasi nitakuja.

Mwanao,
Remigius


Masagati,
25 Agosti 2024

Remigius,

Barua yako dada yako amenisomea, maana macho yangu hayasomi tena mwandiko mdogo, na ndiye anayeandika maneno haya ninavyomtajia.

Salamu ya karatasi siitikii. Mimi na karatasi tumeshafanyiana mengi. Mkeo alikuwa hanijui wala mimi simjui, lakini alikuja kwa miguu yake akasimama mbele yetu. Nafasi haipatikani, inachukuliwa.

Hermenegildi

Naongeza mimi Levina: Sada alibaki kutusaidia kupura mpunga, sasa anashuka Jumatano kurudi kazini. Mama amemfungia mchele, na jogoo mwingine. Huyu ni laini.


Masagati,
15 Septemba 2024

Mke wangu Sada,

Nimefika salama. Mashimba alinishusha njia panda, nikamwomba asipige honi.

Sikuanzia nyumbani. Niliona nikianza kwa Mama nitakula, nitapumzika, nitasema kesho. Nikaenda moja kwa moja na begi langu mgongoni. Mzee Hermenegildi alikuwa mbele ya mlango wake anapasua mianzi ya uzio. Ameshazeeka, Sada, hukuniambia. Au wewe usingeweza kujua.

Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Akaendelea kupasua. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akamaliza mwanzi ule, akauweka kando, akachukua mwingine, akautazama kama umenyooka. Mke wake Digna alitokea mlangoni, akaniona, akarudi ndani. Mimi nikabaki nimesimama. Nilitaka kuondoka, nakwambia ukweli. Miguu ilikuwa imeshageuka.

Nikasema mara nyingine, "Shikamoo."

Akauliza bila kuinua kichwa, "Unapita au umefika?"

Nikasema, "Nimefika."

Akaweka panga chini. Akanitazama usoni, nami nikamtazama, na sikuangalia chini. Akasema, "Marahaba." Kisha akamwita Digna alete kiti.

Hatukuongea mengi. Aliniuliza visima vinachimbwa kina gani huko Mbingu, na kama maji yana chumvi. Jioni hiyo ndipo nilipokwenda kwa Mama. Alikuwa ameshaambiwa, na chakula kilikuwa kimewekwa. Alinipigia filimbi nilipoingia uani. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, nadhani vyote.

Juzi Mzee alinipeleka bondeni. Shamba lake limeota miti midogo, mingine inanizidi urefu. Bikoni ipo palepale. Alinionyesha alipokuwa anapanda maboga, na kisima alichochimba na baba yake, sasa kimejaa udongo. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenilaumu. Shamba halitarudi kwa salamu yangu, tunajua wote. Nimeongea na Mama na Levina. Kipande kilichobaki upande wa huku ni kikubwa kuliko wanavyoweza kulima wawili. Nusu atalima Mzee, na mimi nitabaki mpaka nimsaidie kukiandaa kabla ya mvua. Visima nimemwachia mwenzangu. Nitarudi mwezi wa kumi na moja.

Nina swali lako nililokuwa silijibu, la kukoje huku. Asubuhi ukungu unakaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, milima inatokea vichwa tu. Kuna ndege mmoja analia kabla ya wengine wote, na sijawahi kujua jina lake. Mto unasikika mpaka kitandani. Miaka yote ukiniuliza nilikuwa nausikia, nikasema kuna milima.

Jambo la mwisho. Mama amepata kibakuli chake, ameweka vitu ndani, na jana alinichukua twende akakifiche. Alitembea mbele, mimi nyuma na simu. Kuna mahali alikaa muda mrefu kuchagua, akabadili mawazo, tukarudi nyuma, akachagua tena. Levina anamsumbua tangu asubuhi amwambie ni wapi, naye anapika tu. Namba ninazo. Amenikataza kukuandikia. Anasema wewe ni mtu wa kuuliza, basi uje umwulize yeye.

Remigius